Mume Wangu na Presha Isiyosikia Dawa

Mume wangu alipopatwa na usingizi akiwa ameshika kamba ya filimbi ya kiwanda, watu wa mashamba jirani walikuja mbio wamebeba ndoo za maji.

Ilikuwa mchana, saa ya chakula, miaka ya mwanzo ya sabini, kwenye shamba moja la chai kati ya Kericho na Kabianga. Kazi yake ilikuwa kutunza boila. Yeye ndiye aliyesimamia kuni, maji na mvuke, na ndiye aliyevuta kamba ya filimbi ili wachumaji walioko mabondeni wajue saa imefika. Siku hiyo aliivuta kama kawaida, kisha usingizi ukamkamata papo hapo, amesimama, uzito wake wote umeiegemea kamba. Uzito wenyewe haukuwa wa mchezo. Filimbi ikalia, ikaendelea kulia, ikakataa kunyamaza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya shamba. Niliwatoa watoto nje, nikawapanga mstari uwanjani, tukatazama huku na huku tuone moshi unatoka wapi. Moshi haukuwapo. Wachumaji walikuwa wanapanda mlima na vikapu mgongoni, majani yakimwagika njiani. Lori la shamba la pili lilifika na pipa la maji, na wanaume juu yake wakipiga kelele wenyewe kwa wenyewe kwamba ni kiwanda, hapana ni stoo, hapana ni nyumba ya meneja. Mama mmoja Mkipsigis, jirani yangu, alikuwa ameshatoa godoro lake nje na kulikalia.

"Mwalimu, ni fita?" akaniuliza.

"Sidhani ni vita, mama."

"Basi ni nini inalia hivi?"

Mwishowe msaidizi wa mume wangu pale kwenye boila alikata kamba kwa panga. Mume wangu akaanguka juu ya rundo la kuni na kuendelea kulala.

Meneja wetu alikuwa kijana Mwafrika aliyepewa kiti hicho muda si mrefu baada ya Mzungu kuondoka, na alikuwa amerithi vyote, kaptura, soksi ndefu na hata namna ya kusimama mikono nyuma. Aliinama akanusa mdomo wa mume wangu mbele ya watu wote. Hakusikia harufu ya pombe. Akanusa tena upande wa pili.

"Huyu mtu amekula nini?" akauliza.

"Ugali," nikasema, kwa maana mimi ndiye niliyempikia.

"Ugali peke yake haumlazi mtu namna hii."

Akaamuru apelekwe dispensari. Ndivyo tulivyojua habari za presha.

Nirudi nyuma kidogo. Sisi ni watu wa Kisii, tulikuja Kericho kutafuta kazi tukiwa tumeoana karibuni. Nilipoolewa nilikuta mume wangu ni mnene, mpole, na anakoroma. Sikuona ajabu, baba yangu pia alikoroma. Lakini kukoroma kwa mume wangu kulikuwa kwa namna yake. Kulipanda polepole, kukafika mahali vikombe vikatetemeka kabatini, halafu kukakatika ghafla. Kimya. Hata pumzi hakuna. Miezi ya kwanza ya ndoa nililia mara nyingi nikidhani nimekuwa mjane. Kisha angevuta pumzi kwa kishindo kama mtu anayetolewa mtoni, ageuke, aanze upya. Nikazoea. Nilipochoka kungoja, nilimpiga kiwiko.

Mchana alikuwa mtu wa kusinzia. Alisinzia akila, akisimuliwa jambo, akifunga kamba za viatu. Siku ile wazazi wangu walipokuja kututembelea, alisinzia katikati ya kumsalimu mama yangu, mkono wake ukiwa bado umeshika mkono wa mama, na mama kwa heshima hakuuondoa.

Sasa pale dispensari kulikuwa na dresa, yaani mganga msaidizi wa shamba, mwanamume makini aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku za mvua. Alimfunga mume wangu kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapuliza hewa, akasikiliza, akatazama zebaki. Akapuliza tena. Kisha akavua kitambaa na kutikisa ile mashine kama mtu anayetikisa saa iliyosimama.

"Imeharibika," akasema.

Ili kuhakikisha, akanipima mimi. Mimi nilikuwa mzima. Akajipima mwenyewe, akawa mzima. Akamwita mpishi wa meneja aliyekuwa akipita nje na kuku mkononi, akampima huku kuku amemkalia mapajani, akawa mzima. Meneja, aliyekuwa ametufuata, akakasirika kwamba muda unapotea, akakunja mkono wa shati na kusema, "Nipime mimi, tumalize jambo hili." Dresa akampima. Akasogeza uso karibu na zebaki. Akampima tena.

"Bwana meneja," akasema kwa sauti ya chini, "tafadhali kaa chini."

Basi siku hiyo walipatikana wagonjwa wawili wa presha. Meneja alimeza vidonge vyake na baada ya majuma machache presha ikatulia, akarudi kusimama mikono nyuma. Ya mume wangu ilikataa kushuka.

Walianza na vidonge vidogo vyeupe. Vidonge hivyo vilimziba pua, akawa anakoroma kwa mdomo, na sauti ikapata kina ambacho sikuwahi kukisikia. Pia vilimtia huzuni. Nilimkuta siku moja amekaa kwenye ngazi ya nyumba anamtazama mbuzi wa jirani, machozi yanamtiririka.

"Kuna nini, Baba Watoto?"

"Huyu mbuzi," akasema. "Hana mtu."

Nilimwambia mbuzi huyo ana mwenyewe, ana mama yake, tena ana ndugu watatu. Haikusaidia. Presha ilipopimwa ikawa palepale.

Dresa akabadilisha dawa, akampa za kukojoa. Akakojoa. Boila haiwezi kuachwa peke yake, na choo cha kiwanda kilikuwa mbali upande wa mizani, kwa hiyo mtu mnene akawa anakimbia kutwa nzima kati ya boila na choo, na wachumaji waliosubiri kupima majani wakimpisha njia na kumpigia makofi. Presha ikashuka kidogo, tukafurahi, kisha ikapanda tena. Akaongezewa dawa ya tatu. Hiyo ya tatu ilileta usingizi. Mtu aliyesinzia akifunga viatu sasa alisinzia kabla ya kuvivaa.

Nami nilikatazwa kumtilia chumvi. Nilipika mboga, maharage, hata samaki, bila chumvi hata punje. Alikula bila kulalamika na nikaanza kumsifu kwa watu, mpaka nilipogundua kwamba kila jioni alipitia kwa yule mama jirani "kusalimu". Nilikwenda pale nikamkuta amepewa nyama na bakuli la chumvi pembeni, amelala, kipande kikiwa bado mdomoni.

"Mama, dresa amekataza chumvi!" nikasema.

"Mimi sikumbikia," akajibu mama, amekasirika kidogo. "Alikuja na njaa. Nilimwekea tu, yeye ndiye alichofya."

Kanisani nako hapakukosa kituko. Mchungaji alitangaza kwamba dawa za binadamu zimeshindwa na sasa tuombe. Mume wangu akaitwa mbele. Wazee wakamzunguka, mchungaji akamwekea mikono kichwani, akaanza kuomba kwa nguvu. Maombi yalikuwa marefu. Nilimwona mume wangu akiinama, akiinama zaidi, kisha akaenda chini taratibu mpaka akalala chali mbele ya madhabahu. Kanisa zima likapiga vigelegele. Walidhani nguvu za juu zimemwangusha. Mimi peke yangu nilijua ni nini, kwa sababu niliona kidole chake cha mguu kinachezacheza, na hiyo ndiyo dalili yake.

Akaanza kukoroma. Mchungaji, mtu asiyekata tamaa, akasema, "Sikieni, pepo anatoka kwa ngurumo!" Kisha ngurumo ikakatika. Kimya kikatanda. Kifua hakipandi. Wazee wakatazamana. Mwimbaji mmoja akaanza wimbo wa mazishi kwa sauti nyembamba, na wengine wakaanza kuitikia. Ndipo mume wangu akavuta pumzi kwa kishindo, akaketi wima, akasema "Amina" kwa adabu kabisa. Watu wawili waliokoka siku hiyo. Jumatatu presha ikapimwa, palepale.

Dresa alikuwa mtu mwaminifu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimefika mwisho wa kabati langu." Akatuandikia twende hospitali kubwa upande wa Bomet.

Huko tulimkuta daktari mgeni kutoka ng'ambo, mrefu, mwenye miwani, aliyejifunza Kiswahili kwenye vitabu. Aliongea nasi kama gazeti. "Je, bibie, mumeo huzimeza dawa zake pasipo kukosa?" Nikamwambia huzimeza, mimi mwenyewe humtazama mpaka koo lishuke. Hakuniamini sana. Alimlaza wodini ili wauguzi wampe dawa kwa mikono yao.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda vingi na watu wengi kuliko vitanda. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mzee mmoja kutoka Chebunyo aliyevunjwa mguu na ng'ombe. Mguu wenyewe ulikuwa umening'inizwa juu kwa kamba na mawe ya uzito. Nilipofika siku iliyofuata nikamkuta akimsihi muuguzi amfungue zile kamba.

"Kwani unakwenda wapi, mzee?" muuguzi akamuuliza.

"Nje. Chini ya mvua. Mahali bobote. Huyu mtu analala kama tingatinga."

Dawa zikatolewa kwa mikono ya wauguzi, siku baada ya siku, na presha ikabaki palepale. Daktari akaacha kunishuku mimi, akaanza kuwashuku wauguzi.

Kisha ikaja alasiri ambayo siisahau. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nikifuma sweta. Daktari alikuja kumpima presha, na alipokuwa bado anapuliza kitambaa, mume wangu akalala. Daktari akaamua kuendelea bila kumwamsha. Kukoroma kukapanda, kukafika kileleni, kukakatika. Mimi nikaendelea kufuma. Daktari akatazama kifua, akatazama uso, na nikaona rangi inamtoka.

"Amefariki!" akapiga kelele. "Huyu bwana amefariki!"

"Bado, daktari," nikasema. "Ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

Hakungoja. Alipanda kitandani kwa magoti, akaweka mikono yote miwili juu ya kifua cha mume wangu na kukandamiza. Mume wangu akavuta pumzi yake ya kishindo, akarusha mkono, na daktari akaenda chini kati ya vitanda viwili, miwani upande wake na yeye upande wake. Mzee wa Chebunyo alicheka mpaka mawe ya mguu wake yakagongana.

Nilidhani tutafukuzwa. Daktari alijiinua, akatafuta miwani, akaivaa ikiwa imepinda, akaketi kwenye kiti changu.

"Hufanya hivi mara kwa mara?"

"Kila anapolala."

"Na kwa nini hukunieleza?"

"Uliniuliza habari za dawa, daktari. Habari za usingizi hukuniuliza."

Alibaki pale alasiri yote. Alimwacha mume wangu alale, akawa anampima presha tena na tena. Wodi nzima ikageuka kutazama. Kila pumzi ilipokatika, wagonjwa nao walibana pumzi zao ili waone nani ataweza kukaa muda mrefu kama yeye. Hakuna aliyeweza. Mgonjwa mmoja wa homa ya mapafu alijaribu, akakohoa hadi muuguzi mkuu akaja kuwagombeza wote, daktari akiwa mmoja wao, kwa maana naye nilimwona amevimbisha mashavu.

Lakini aliona alichokuwa akitafuta. Kila pumzi iliporudi kwa kile kishindo, zebaki ilipanda kama inakimbizwa. Ikishuka kidogo, pumzi inakatika tena, inarudi, zebaki juu. Mume wangu alipoamka, daktari alituketisha sote wawili.

"Ndugu yangu," akasema, "wakati ulalapo, koo lako hujifunga. Mwili wako hupigana upate hewa, na vita hivyo huipandisha presha. Sisi twaishusha kwa dawa, wewe waipandisha kwa usingizi. Tena baadhi ya dawa tulizokupa zaziba pua na kuongeza usingizi. Kwa kweli tumekuwa tukimsaidia adui."

Mume wangu alifikiri sana. Halafu akasema, "Kwa hivyo nyinyi mnazima moto, na mimi nikilala natia kuni."

"Naam! Barabara!" daktari akaruka kwa furaha.

"Jina lake ni nini, huu ugonjwa?"

Daktari akakiri kwamba hana hakika. Alisema madaktari wa ng'ambo ndiyo kwanza wameanza kuuandika, na kwamba kwa wale waliozidiwa kabisa, kuna tiba moja tu inayojulikana. Wanatoboa tundu hapa. Akagusa shingo yake chini ya koo. Mchana tundu linazibwa, usiku linafunguliwa, mtu anapumua kwa hapo.

Nilimwona mume wangu, mtu wa mvuke, akilipima jambo hilo kichwani.

"Sasa nikilala," akauliza polepole, "nitapiga filimbi?"

"Yawezekana pawe na sauti kidogo."

"Hapana, daktari. Hiyo hapana. Niambie ile nyingine."

Ile nyingine ilikuwa ni kupunguza unene, kutolala chali, kuinua kichwa cha kitanda, kuacha zile dawa za kulaza na za kuziba pua, na kubaki na ile ya kukojoa, pamoja na kupunguza chumvi. Daktari alisema wazi kwamba hajui kama itatosha. Mume wangu alimwahidi mbele yangu kwamba itatosha, huku amefunika shingo kwa kiganja.

Tukarudi Kericho. Nilishona mfuko mgongoni mwa shati lake la kulalia, nikautia gunzi kubwa la mahindi, ili akigeuka chali limchome. Likamchoma. Usiku wa kwanza aliota anachomwa mkuki na akaamka akijitetea, nikahamia kwa watoto. Kitanda tulikiinua kichwani kwa matofali, tukazidisha. Alikuwa akiteleza polepole, na asubuhi nilimkuta miguu iko sakafuni, mtu amelala kama ameegemezwa ukutani na kusahauliwa. Tukapunguza tofali moja hapa, tukaongeza mto pale, mpaka akaweza kukaa mahali alipowekwa.

Kazi kubwa ilikuwa unene. Aliacha mlima wake wa ugali, akaacha chai ya sukari nyingi ambayo watu wa kiwandani hunywa kama maji. Alianza kupanda na kushuka mabonde pamoja na wachumaji kabla ya zamu yake. Mwanzoni alilala njiani, wakawa wanamkuta ameketi katikati ya mistari ya chai, kichwa tu kikionekana juu ya majani. Wakawa wanachuma pembeni yake bila kumwamsha. Lakini aliendelea. Nadhani mtu hawezi kujua nguvu za hofu ya tundu la shingo mpaka imfike.

Akaanza kukonda, na hapo ndipo ndugu walipoingia. Habari ilifika Kisii kwamba anakwisha. Shangazi zake wakaja na kuku, ndizi na mkungu mwingine wa ndizi. Walinitazama mimi kwa macho ya kuniuliza nimemfanyia nini mtoto wao. Nilieleza habari za koo na presha. Shangazi mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanamke, mtu akonde ndiyo apone? Umesikia wapi?" Nilificha kuku, wakamtafuta kuku. Nilimpa mume wangu mboga, wao wakapitisha sahani kwa dirishani. Vita hivyo viliendelea mpaka siku mume wangu mwenyewe aliposimama, akawaonyesha shingo, akawaeleza mahali penyewe pa kutobolewa na upana wa tundu, huku akiupanua kwa vidole kuliko alivyosema daktari. Shangazi walifunga mizigo yao asubuhi iliyofuata. Wale kuku waliobaki walirudi nao.

Presha ikaanza kushuka. Dresa alipopima mara ya kwanza na kuona imeteremka, alitikisa ile mashine tena. Akapima, akapima, akaja kunitafuta shuleni katikati ya somo la kuhesabu, koti jeupe limelowa mvua, akasimama mlangoni akicheka tu. Presha haikufika ya kijana, na kile kidonge kimoja cha kukojoa mume wangu alikimeza miaka yote iliyofuata, mpaka tulipostaafu. Bado alikoroma, lakini kukoroma kwa kawaida, kwa mtu anayepumua.

Jambo ambalo hakuna daktari aliyenitahadharisha ni kwamba sasa nilikuwa na mume aliye macho. Nilikuwa nimeishi miaka na mtu aliyekubali kila kitu kwa kichwa, na kumbe hakuwa anakubali, alikuwa anasinzia. Sasa alikuwa na maswali. Kanisani aliinua mkono mahubiri yakiendelea. Alitaka kujua kwa nini watoto wetu wote wanapelekwa kwa mashangazi wakati wa likizo, na ni nani aliyeamua hivyo. Nikamwambia tuliamua pamoja, tena yeye alisema ndiyo.

Jumapili moja baada ya chakula aliketi sebuleni, wima, macho makavu, akitazama huku na huku kama mgeni. Nilikuwa nimeshona mapazia ya manjano yenye maua mekundu tulipohamia nyumba ile, kabla hata hatujazaa.

"Mama Watoto," akasema.

"Naam."

"Haya mapazia yameletwa lini?"

Nikamwambia. Akayatazama tena, toka juu mpaka chini.

"Mimi sijayapenda," akasema.

Nikaweka sweta chini, nikavuta kiti, tukaanza kubishana juu ya mapazia mpaka chai ikapoa.